Mafuta Yaliishia Port Sudan

Likizo iliyopita, sisi watoto wa nyumba moja hapa Mwakiro, Muyinga, tuliingia mashindano ya masafa marefu katika programu ya kompyuta ya kuigiza urubani. Njia ilikuwa Bujumbura hadi Jeddah, karibu kilomita 3,000, safari ambayo babu zetu waliitamani kwa ajili ya Hija.

Tulichagua C-141, ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani yenye injini nne za jeti. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1963, ikastaafishwa 2006. Mwaka 1994 ilikuwa miongoni mwa ndege zilizobeba misaada ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Goma.

Tukitaka wepesi, tulijaza mafuta kidogo. Saa tatu nzima tuliongoza. Kwenye anga la Sudan upepo wa mbele ukatukabili, na mshale wa mafuta ukashuka haraka. Mdogo wetu akanong'ona: "Kaka, ongeza mafuta kwenye menyu. Nani atajua?"

Sheria ilikataza. Tukatazamana. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Bila kugeuka akasema: "Mwanangu, wa kujua yupo."

Tukatua Port Sudan, ng'ambo hii ya Bahari ya Sham. Wenzetu walifika Jeddah, sisi tukawa wa mwisho. Mdogo wetu akaadhini, tukaswali Alasiri kwa jamaa.

Wazazi, kaeni karibu na watoto hata wanapocheza. Wabillahi tawfiq.