Mawe ya Ukingo na Baridi ya Bugarama

Wasomaji waliowahi kulala kambini katika milima ya Bugarama hawahitaji kuelezwa juu ya baridi ya kule. Mimi sikuijua. Ni fundi mwashi wa Buyenzi, na miaka yangu yote nilijenga hapa Bujumbura, kando ya ziwa, mahali ambapo saruji hushika upesi pasipo kubembelezwa. Basi nilipoitwa, mwezi wa Julai 2021, kupanga mawe ya ukingo wa bwawa la kuogelea katika nyumba ya wageni iliyo karibu na njia panda ya Bugarama, nilichukua mwiko, pimamaji na kiburi changu nikapanda mlima.

Mawe ya ukingo ndiyo yanayozunguka mdomo wa bwawa. Watu huyakanyaga kwa miguu iliyolowa, na watoto huning'inia humo. Niliyabandika kwa saruji na mchanga, kama ilivyo desturi yetu ya mjini. Mchana jua lilikuwa zuri. Usiku kipimajoto cha mwenye nyumba kilishuka hadi digrii 8. Mimi nilikuwa chini ya mablanketi mawili, na mawe yangu yalikuwa nje, uchi. Siku ya nne bwawa likajazwa maji, nikapokea nusu ya ujira, nikashuka.

Baada ya wiki mbili mwenye nyumba alinipigia simu. "Mzee fundi, mawe yako yanacheza." Binti yake wa miaka sita alikuwa amekanyaga jiwe la kona, likabinuka, naye akatumbukia majini. Yaya alimrukia, akamtoa akiwa hai.

Nilipanda siku ile ile. Niliyang'oa mawe kumi na moja kwa mikono mitupu, bila nyundo. Chini yake saruji ilikuwa ikimomonyoka kama majivu. Ndipo nilipojifunza kwa gharama yangu jambo ambalo ningeweza kuliuliza bure: saruji inayokomaa katika digrii 10 huhitaji muda wa karibu mara mbili ya ile iliyo katika digrii 20, na ikishuka chini ya digrii 5 watengenezaji wengi wa gundi hukataza kazi kabisa. Nami nilikuwa nimehesabu siku za Bugarama kwa kalenda ya Buyenzi.

Katika duka la vifaa vya ujenzi mjini nilisimama muda mrefu mbele ya mifuko. Gundi ya kawaida ya vigae niliiacha. Epoksi, ile ya makopo mawili, ina nguvu sana, lakini ni ghali, nayo pia huzubaa penye baridi. Palikuwa na mfuko ulioandikwa herufi F, yaani hushika upesi. Huo ungefaa usiku, ila jua la adhuhuri lingeigandisha gundi ndooni kabla kijana wangu hajaleta jiwe la pili. Nikachagua mfuko ulioandikwa C2 na S1. C ni gundi ya saruji, 2 ni kwamba hunata kuliko ya kawaida, na S1 ni kwamba hukubali kupindika kidogo bila kupasuka. Jiwe linalochomwa na jua mchana na kupoa usiku hutanuka na kunywea kila siku, na gundi ngumu mno haivumilii mchezo huo. Katika nchi za barafu, kama Ubelgiji, taabu ni kubwa zaidi, kwani maji yaliyojipenyeza chini ya jiwe huganda, yakavimba kwa kadiri ya asilimia 9 na kuliinua.

Safari hii nilipima joto la jiwe lenyewe, si la hewa. Nilifanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana tu. Niliyaosha mawe vumbi, nikapaka gundi chini kwa mwiko wa meno na mgongoni mwa jiwe pia, pasibaki uvungu. Jioni nilifunika kwa magunia na maturubai. Kati ya ukingo na sakafu niliziba kwa silikoni, ambayo ni laini kama mpira. Bwawa likakaa kavu wiki tatu.

Gundi niliinunua kwa fedha nilizoziweka kwa karo ya shule, na mama watoto hakunisemesha kwa siku mbili. Nusu ya pili ya ujira nililipwa mwezi wa Oktoba, baada ya mvua za kwanza, mwenye nyumba alipokwisha kuligonga kila jiwe kwa kisigino chake, moja baada ya jingine, akisikiliza.