Kutoka Chale Hadi Wasini: Nyumba za Fahari na Jirani Zao

Mtu atokaye Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga, husafiri mwendo mrefu bila kuiona bahari, ingawa bahari i karibu naye upande wa kushoto siku zote. Ayaonayo ni minazi, miembe, mikorosho, maduka ya Ukunda, na vibao vingi vyenye majina ya mahoteli. Pwani yenyewe imefichwa nyuma ya kuta za mawe na malango ya chuma. Huko ndiko ziliko zile nyumba ambazo picha zake hupelekwa Ulaya ili kuwavuta watu wenye fedha. Wasomaji wengi wa bara huuliza kuna nini ndani yake, na watu wanaokaa karibu nazo huishije. Na mimi nilipokuwa katika safari yangu ya Kwale niliangalia mambo hayo kwa macho yangu.

Nyumba moja niliyokaribishwa kuitazama, kusini ya Diani, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuezekwa makuti, paa lake limeinuka juu mno hata popo wamefanya makao humo. Mlango wake ulikuwa wa kuchongwa, wa namna ya milango ya Lamu. Mbele ya baraza limechimbwa birika la kuogelea, kama hatua 30 tu kutoka baharini. Na jambo hilo linanishangaza hata leo, maana mwenye nyumba anayo bahari nzima mbele ya macho yake, naye amejichimbia nyingine ndogo. Mwenyewe hakai humo ila majuma machache kwa mwaka. Siku zilizobaki nyumba hukodishwa kwa wageni, na pesa ya usiku mmoja ni nyingi kuliko mshahara wa mwezi wa yule askari wa langoni.

Hata hivyo si haki kusema kwamba nyumba hizo hazimfai mtu ila mwenyewe. Mpishi, dobi, mtunza bustani na askari wote hupata riziki yao pale, tena makuti yale hushonwa na wanawake wa vijijini. Kwa kuwa paa la makuti halidumu miaka mingi, kazi hiyo haiishi. Wavuvi nao huleta kamba na changu mpaka mlango wa jikoni. Shida iko kwenye njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema waziwazi kwamba ardhi iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni mali ya umma. Basi mvuvi ana haki ya kupita mbele ya nyumba ya tajiri yeyote na nyavu zake begani. Lakini haki ya kutembea juu ya mchanga haimfai sana mtu asiyekuwa na njia ya kuufikia mchanga, na vile vijia vya zamani vilivyopita katikati ya mashamba vimezibwa mahali pengi kwa kuta.

Jambo hili lina asili yake. Mwaka 1908, Serikali ya Kiingereza ilipotunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa pwani, kila mtu aliyedai shamba alitakiwa apeleke madai yake na kuyathibitisha. Wadigo wengi hawakupeleka. Ardhi yao ilikuwa ya ukoo, nao hawakuona sababu ya kumwomba mgeni awaandikie kile ambacho babu zao walikizikwa ndani yake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji. Baada ya Uhuru ikawa ya Serikali, na vipande vyake vizuri, vile vinavyotazama maji, vikagawiwa watu ambao wengi wao hawakuzaliwa Kwale. Kwa hiyo utamkuta mzee ambaye ukoo wake umelima mahali pamoja vizazi vitano, naye akiitwa maskwota.

Ukiendelea mbele ya Diani utafika Kinondo, na karibu na hapo kiko kisiwa kidogo cha Chale. Maji yakipwa, trekta huwavusha wageni juu ya mchanga mpaka hotelini. Yakijaa, huvushwa kwa mashua. Hoteli hiyo ilijengwa katika miaka ya 1990. Lakini Chale si kisiwa cha burudani tu, bali ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo, mahali pa maziko na maombi. Wazee walipinga sana ujenzi ule. Hoteli ikajengwa, na msitu ukabaki sehemu nyingine ya kisiwa. Hivi sasa mgeni hulala upande mmoja, na upande wa pili ni pale ambapo mzee hawezi kuingia amevaa viatu.

Linganisha na Kaya Kinondo, iliyo karibu tu kwa miguu. Kaya hiyo iliandikwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ikawa miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Nayo hupokea wageni, lakini kwa amri ya wenyewe: kila aingiaye hufungwa nguo nyeusi kiunoni, haruhusiwi kuchuma hata jani moja, na huongozwa na kijana wa pale pale. Kiingilio hurudi kwa wanakijiji. Miti haikukatwa, wala hapana aliyezuiliwa kusali. Mimi nadhani wenye Chale wangalikubali mgeni wa namna hiyo bila neno.

Gazi nilipita upesi. Nitataja tu kwamba huko nako palikuwa na nyumba ya fahari, ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyewapiga Waingereza vita mwaka 1895 na 1896 mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani. Nyumba yake baadaye ikawa shule. Na tangu mwaka 2013 watu wa Gazi wanalipwa kwa kuacha mikoko yao isimame, hekta 117, kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Sijasikia mahali pengine karibu ambapo mtu hulipwa kwa kutokukata.

Basi nikapita Msambweni na Ramisi, nikafika Shimoni, karibu maili 50 kusini ya Mombasa. Hapo pana mapango ambamo watumwa walifungwa kabla ya kusafirishwa, na magofu ya nyumba za ile Kampuni ya Kiingereza iliyotawala kabla ya Serikali. Mkondo wa Pemba una sulisuli wakubwa, na kwa ajili yao wazungu wamekuja Shimoni tangu zamani. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikaa hapo mwaka 1954 baada ya kunusurika katika ajali mbili za ndege huko Uganda. Na kana kwamba hayo hayakutosha, akaungua katika moto wa majani. Mwaka ule ule akapewa Tuzo ya Nobel.

Mbele ya Shimoni, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, ndiko Wasini. Kisiwa hiki hakina gari wala barabara. Upande mmoja ni kijiji cha Wasini, ambacho wenyeji wake ni Wavumba, watu wa zile enzi za Diwani wa Vumba Kuu, nao husema Kivumba. Upande wa pili ni Mkwiro. Nyumba ni za mawe, njia ni nyembamba, na makaburi ya kale yako katikati ya watu.

Jambo kubwa la kisiwa hiki ni maji. Wasini ni jiwe tupu la matumbawe, na ukichimba hupati maji matamu. Kwa vizazi vingi watu waliishi kwa mvua, wakiyakinga maji kutoka juu ya paa na kuyahifadhi katika mabirika. Na mvua ilipokosa kunyesha, maji yalinunuliwa bara na kuvushwa kwa mashua. Nahodha aliyenivusha aliniambia, “Mwanangu, sisi huku tulikuwa tukihesabu maji kama nyinyi mnavyohesabu shilingi.” Nikalikumbuka lile birika la Diani.

Wasini nayo huishi kwa wageni. Mwaka 1978 Kisite ilipofanywa hifadhi ya bahari, wavuvi walikatazwa kuvua humo kabisa. Mpunguti waliachiwa kuvua kwa njia za asili. Wengi walinung'unika, na kwa haki, kwani wazazi wao walivua pale. Baadaye baadhi yao waligeuza mashua zao kuchukua watazamaji wa pomboo na matumbawe. Wanawake wa kijiji nao walitengeneza daraja la mbao juu ya bustani ya mawe, mahali ambapo matumbawe ya kale yamesimama nje ya maji kama mizimu, na mikoko imeota kati yake. Kiingilio hukusanya wenyewe, hulipia karo za watoto na kusaidia wagonjwa. Mwaka 2020, wageni walipokatika kwa ajili ya Korona, daraja lilikaa bila mpitaji, na waliokuwa wameacha nyavu wakazitafuta tena.

Atakaye kwenda na aende wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari ikiwa shwari na maji maangavu. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa, na mashua za Kisite haziendi kila siku. Mashua hutoka Shimoni asubuhi. Mapatano ya nauli yafanywe kabla ya kupanda, na mtu asisahau kuchukua maji yake ya kunywa.