Amana ya Mwanafunzi Mtafiti

Sisi wakaazi wa Upanga tunaye jirani ambaye hatuwezi kumsahau hata tukitaka, naye ni Muhimbili. Chuo cha udaktari kilianza pale mwaka 1963, kikapita katika majina kadhaa, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi. Jioni vijana wake hupita na makoti meupe mikononi, na baadhi yao, wale niliowasomesha Kurani walipokuwa wadogo, hukata kona wakaja barazani kunisalimia. Aghlabu huja na shida moja. "Sheikh," huniambia, "kila mlango wa kazi na wa shahada ya pili unauliza kama umewahi kufanya utafiti. Na kila mlango wa utafiti unauliza una uzoefu gani. Sasa tuingie wapi?"

Mimi nilisoma juu ya mkeka, wala sikukaa darasa la chuo kikuu hata siku moja. Lakini utafiti naujua kwa upande wa pili, upande wa wale wanaotafitiwa. Nimekwisha kuulizwa habari za malaria, za kisukari, za maji ya bomba na za chanjo. Wengine wamenijia na vinasa sauti wakitaka habari za misikiti ya kale. Na anayeulizwa huona mengi ambayo muulizaji hayaoni.

Vijana hao huwakumbusha habari ya Erasto Mpemba, maana ni habari ya kwetu na wengi wao hawaijui. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, husubiri yapoe, kisha huyaingiza katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, bado swali lile lile, na huko nako akafanyiwa mzaha. Hata alipofika Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza tena. Wenziwe wakacheka. Mgeni hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na Mpemba wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, karibu na Moshi. Wataalamu hadi leo wanabishana kama jambo lile hutokea kweli, na kama hutokea ni kwa sababu gani. Hilo tuwaachie wenyewe. Linalonihusu mimi ni kwamba kijana yule hakwenda kwa mkubwa kuomba nafasi. Alikwenda na kitu alichokiona kwa macho yake.

Jirani yangu mmoja, kijana anayesomea ufamasia, aliandika barua kwa wahadhiri wengi, na zote zilikuwa barua moja: napenda utafiti, naomba nafasi. Hakujibiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, barua hiyo ni hodi ya mtu asiyesema amefuata nini. Soma kwanza alichokiandika huyo unayemwendea, kisha mpelekee swali moja." Akasema hana swali. Nikamwuliza nani anayetumwa na bibi yake Kariakoo kununua dawa za miti tangu akiwa na miaka kumi. Akacheka, kisha akanyamaza. Kumbe alikwisha kuona siku nyingi kwamba wauzaji wawili wa soko lile lile huweza kuuza majani mawili mbalimbali kwa jina moja, wala hakudhania kuwa hilo ni elimu. Na pale pale Muhimbili ipo Taasisi ya Dawa za Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Akaandika barua ya mistari sita. Safari hii aliitwa.

Majuma ya mwanzo alioshwa mikono na vumbi la majani tu: kuosha chupa, kuanika kivulini, kusaga, kuandika vibandiko vya jina, mahali, tarehe na aliyechuma. Akaja kunilalamikia kwamba hajaona utafiti bado. Basi nilicheka mimi. Zama zetu aliyetaka elimu ya sheikh alimtekea maji na kumbebea taa usiku, na njiani, taa iko mkononi, ndipo aliposikia yale ambayo sheikh hakuyasema darasani. Jani lisilo kibandiko ni takataka. Hakuna atakayejua lilitoka mti gani. Anayeandika kibandiko ameushika utafiti mkononi, ila hajaambiwa.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni lile lililomkuta wakati wa likizo. Alipata kazi ya kukusanya madodoso katika mradi mwingine, na malipo yalikuwa kwa idadi ya fomu. Akanijia baada ya sala ya isha, uso umemshuka. "Shikamoo Sheikh. Wenzangu wanamaliza fomu ishirini kwa siku, mimi saba. Wanakaa chini ya mwembe wanajaza wenyewe. Wananiambia hakuna atakayejua."

Nilimwambia kwamba Jabir bin Abdullah, radhi za Allah ziwe juu yake, alisafiri mwezi mzima juu ya ngamia kuisikia hadithi moja kwa aliyeisikia mwenyewe, Abdullah bin Unays. Na wanazuoni wa hadithi walikuwa mtu akijulikana kusema uongo hata katika mazungumzo yake ya kawaida, hawapokei kwake. Walijua kwamba atakayekuja baadaye hatakuwa na njia ya kumwuliza aliyekwisha kufa. Na fomu ni hivyo hivyo. Mwanamke wa mtaani aliyeandikiwa kwamba watoto wake wote wamechanjwa, naye hakuulizwa, hataiona karatasi ile maisha yake. Lakini daktari ataisoma, na serikali itapeleka dawa au haitapeleka. Aliyejaza chini ya mwembe ameshuhudia asiyoyaona.

Kijana alikwenda kwa msimamizi na fomu zake saba. Wenziwe hakuwataja. Alisema tu kwamba kuisoma fomu ya ridhaa kwa mzee asiyeona vizuri, kumweleza kwamba ana haki ya kukataa, kisha kungoja amalize kikohozi chake, hakuwezi kwenda mbio. Msimamizi hakumsifu. Alinung'unika kidogo, akamwongezea siku mbili. Fedha alizopata zilikuwa pungufu kuliko za wenziwe, na ada ilikuwa inamngoja. Jambo hilo si dogo, wala sitaki kulipamba.

Nanyi mnaowasimamia vijana hawa, nina neno kwenu. Anayelipwa kwa fomu amefunguliwa mlango wa uongo, kisha akalaumiwa kwa kuingia. Tena wako wanaomtumia mwanafunzi mwaka mzima kubeba na kuandika, kisha kazi ikitoka jina lake halimo hata katika shukrani. Dk. Osborne katika makala ile ya 1969 alilitanguliza jina la Mpemba. Kijana naye asione haya kuuliza mapema, kwa adabu, kazi yake itahesabiwaje.

Mwezi uliopita kijana wangu alirudi Kariakoo na daftari lake la majina ya miti. Muuzaji mmoja, mzee wa makamo yangu, alimjibu yote aliyoulizwa, kisha akamshika mkono. "Mmekuja hapa mara nyingi, nyinyi wa vyuoni. Hakuna hata mmoja aliyerudi kunieleza mliona nini. Wewe utarudi?"

Alimwuliza mhadhiri wake kama inaruhusiwa. Ameambiwa inaruhusiwa, na sasa anayaandika majibu kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, ambao jana aliniletea niusome.