Usiku mmoja kwenye hoteli ambayo mama alifua mashuka

Wacha nianze na swali ambalo nimeulizwa na kila mtu wiki hii: mtu wa Mosocho analala hoteli Kisii mjini kufanya nini? Ni swali la haki. Ukipanda matatu hapo kwetu, hata kiti hakijapata joto na umeshafika Daraja Mbili. Watu wa kwetu hulala mjini kwa sababu mbili tu: mgonjwa amelazwa, ama umekosana na mtu nyumbani.

Mimi nilikuwa na sababu ya tatu. Mama alikuwa anafikisha miaka hamsini.

Kabla nizaliwe, mama alifanya kazi miaka minne kwenye hoteli moja ya zamani katikati ya mji. Jina siweki, na mkisoma hadi mwisho mtaelewa mbona. Kazi yake ilikuwa vyumba: kufagia, kutandika, na kufua mashuka kwa mkono nyuma ya jikoni mashine ikiharibika. Na vile mvua ya Kisii hupenda kunyesha alasiri, kuyakausha ilikuwa vita. Hizo hadithi nimezisikia tangu nikiwa mdogo. Ati wabunge walikuwa wanalala huko. Ati harusi za wakubwa zilifanyiwa huko. Halafu siku moja akasema, bila hata kulalamika, "Nilitandika vile vitanda vyote, na hakuna hata kimoja nimewahi kulalia."

Hayo maneno yalinikaa. Nilipolipwa pesa ya tangazo langu la kwanza, nilijua inaenda wapi.

Na niwe mkweli: nilijua pia video itakaa vipi. Mama anafungua mlango, anaona chumba, anaweka mkono mdomoni, machozi, muziki wa polepole. Mnazijua hizo video. Kichwa chake nilikuwa nimeshaandika kabla hata sijalipia chumba.

Tulifika Jumamosi saa kumi, mvua ikianza. Manze, ile hoteli imezeeka. Kaunta ya mapokezi imepakwa vanishi mara nyingi hadi ikawa nyeusi. Kuna sanamu za mawe ya Tabaka, na kifaru mmoja pembe yake imegandishwa na gundi. Ukutani kuna saa tatu: Nairobi, London, New York. Hata ile ya Nairobi haikuwa sawa. Kwa lifti kuna karatasi imeandikwa "Haifanyi kazi kwa sasa", na hiyo karatasi yenyewe imegeuka rangi ya chai.

Nikaanza kurekodi chini chini. Kichwani video zikawa mbili: ya mama kulia, na ya kuichoma hoteli. Watu wangecheka wiki mzima.

Kuna mzee wa koti la rangi ya damu ya mzee aliyekuja kutubebea begi. Mama akamwambia "Bwairire." Mzee akaitikia, halafu akasimama. Akamwangalia mama muda mrefu, akamuuliza kwa Ekegusii, "Si wewe ni yule wa chumba ishirini na mbili?" Walicheka mpaka begi likaanguka. Mambo ya chumba ishirini na mbili sijaambiwa hadi leo.

Tukapanda ngazi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, harufu ya dawa ya mende, na pazia limeshikiliwa na waya. Maji ya moto unaletewa na ndoo. Nikainua simu, tayari.

Mama hakuweka mkono mdomoni. Alienda moja kwa moja hadi kitandani, akainua pembe ya shuka, akasema, "Aliyetandika hapa alikuwa na haraka." Akavua viatu akaanza kutandua.

"Mama, leo wewe ni mgeni."

"Mgeni gani atalala kwa kitanda kama hiki?"

Akatandika upya. Nimemwona akitandika nyumbani maisha yangu yote, lakini hii ilikuwa tofauti. Mikono ilikuwa inajua. Akamaliza, shuka halina mkunjo hata mmoja, ndipo akaona simu.

"Unanipiga picha?"

"Ni video, mama. Ya siku yako ya kuzaliwa."

"Ya nani?"

Nikakosa jibu. Akaketi. "Hao watu wako wakiniona hapa nikilia, wataniona nani? Mama maskini hajawahi kulala hoteli. Mimi hapa nilikuwa mfanyakazi, na kazi yangu nilikuwa naijua. Karo ya mjomba wako pale Cardinal Otunga ilitoka kwa haya mashuka. Usiniombee huruma kwa watu."

Simu nikaiweka kwa droo. Niliona aibu ambayo sijaona tangu shule ya msingi.

Jioni tulishuka kula. Ukumbi wote ulikuwa sisi wawili na jamaa mmoja na gazeti lake. Tuliagiza obokima, chinsaga na kuku. Mzee wa koti akaja kupiga hadithi. Anasema zamani mtu akija Kisii kwa shughuli za serikali alikuwa anapitia hapo. Siku hizi kuna hoteli mpya nje ya katikati ya mji, zina nafasi ya magari, na tangu kaunti zianze 2013 mikutano mingi inaenda huko. Mara ya mwisho aliona vyumba vyote vimejaa ilikuwa Mashujaa ya 2020, wakati sherehe za kitaifa zililetwa Gusii Stadium.

Na si Kisii peke yake. Hilton ya Nairobi, ule mnara wa mviringo ambao watu walikuwa wanautumia kuelekezana mjini, ilifunguliwa 1969 ikafungwa mwisho wa 2022. InterContinental ilikuwa imeshafunga 2020. Kama majina makubwa hivyo yameshindwa na katikati ya jiji, ya kwetu itafanya nini? Wageni wakipungua, pesa ya kurekebisha lifti inakosekana. Lifti ikikaa hivyo, wageni wanapungua zaidi. Halafu kijana anakuja na simu kuchekesha watu, na wale kumi waliobaki wanaosha vyombo na kubeba mabegi wanakosa hata hao wageni wachache. Hiyo ndiyo sababu jina silisemi. Sisemi tusiwahi kukosoa. Ukilipa pesa yako ukakosa maji, sema. Lakini kuna kukosoa, na kuna kutafuta kicheko kwa jasho la mtu.

Usiku makelele ya mjini yalikuwa mengi, muziki huku, makanga kule. Nilipoamka kama saa sita, mama alikuwa amesimama kwa dirisha na lesso mabegani. Mvua ilikuwa imeisha na taa zinang'aa kwa lami.

"Sikuwahi kuuona mji kutoka hapa usiku," akasema. "Saa hizi nilikuwa nimeshaenda nyumbani."

Alikaa hapo muda. Sikumrekodi. Mtalazimika kuniamini.

Asubuhi aliamka kabla yangu kama kawaida. Nikamwona ameshika shuka aanze kutandika, halafu akaliachilia. "Leo wacha watandike wao." Lakini kabla tutoke aliweka mia mbili chini ya mto. Anasema hapo ndipo yeye pia alikuwa anazipata zake, na kuna siku ndizo zilikuwa nauli.

Wasee, sijui zawadi yangu ilifaulu ama ilianguka. Nilitaka kumpa starehe, saa ya kwanza akaitumia kufanya kazi. Lakini kwa matatu tukirudi alinieleza mambo ya maisha yake ambayo hajawahi kunieleza, na nadhani kama simu ingekuwa juu asingesema hata moja. Kwa hivyo kabla ununulie mzazi wako kitu ukiwa na kamera mkononi, jiulize swali la mama: ni ya nani?

Nimemsomea hii yote kabla ya kuiweka hapa. Amekubali iende, ila anasema nimesahau kitu muhimu. Kuku alikuwa mgumu, na chinsaga haikutiwa maziwa.