Mahogani ni Nyeupe Ndani?

Meza ilirudi karakanani juu ya mkokoteni, miezi miwili tu baada ya kuuzwa. Mwenyewe alikuja nyuma yake kwa miguu, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Aliweka kidole pembeni, pale mtoto alipokwaruza kwa kijiko, akaniuliza, "Fundi, kwani mahogani ni nyeupe ndani?"

Nilinyamaza. Ningesema nini? Ilikuwa saiprasi, na mimi ndiye niliyeipaka.

Mwenye karakana alikuwa amenifundisha hivi: saiprasi ukiipaka rangi moja kwa moja, inainywa vibaya. Hapa inakolea, pale inapauka, mbao inabaki na mabaka kama shuka iliyomwagikiwa chai. Kwa hivyo unaziba vinyweleo kwanza kwa vanishi, unapiga msasa laini, halafu rangi inayoyeyuka kwenye thina unaitia ndani ya vanishi yenyewe, kidogo kidogo. Unapulizia kwa bunduki na mkono usisimame, maana kila mpako unaongeza giza. Ukikawia mahali pamoja, vanishi inachuruzika na kukuachia mstari mweusi. Mpako wa kwanza unapata chai nyepesi, wa pili chai iliyokolea, wa tatu mtu anaapa ni mahogani. Nayo mistari ya mbao bado inaonekana, kwa sababu rangi hii haifuniki kama ile ya ukutani. Mwisho unamalizia kwa vanishi isiyo na rangi, ili mkwaruzo mdogo uishie hapo.

Hiyo ya mwisho sikuipiga. Ilikuwa Ijumaa jioni, gari linangoja. Lakini si hilo lililonitoa jasho. Hata mipako mitano isingegeuza saiprasi kuwa mahogani. Nilikuwepo mama alipodanganywa, nikaitikia kwa kichwa.

"Ni saiprasi, mama," nikasema hatimaye.

Mwenye karakana alinikata jicho. Mama alirudishiwa sehemu ya pesa zake, na wiki hiyo mimi sikulipwa.

Siku hizi nina kibanda changu. Bado natia rangi kwenye vanishi, kwani kazi yenyewe haina dhambi. Mtu akileta kiti cha marehemu baba yake, mguu mmoja umevunjika, hiyo ndiyo njia ninayoiamini ya kuupeleka mguu mpya polepole hadi ufanane na ile mitatu ya zamani. Ila kabla mteja hajalipa meza, naigeuza miguu juu, nimwonyeshe pale ambapo sijapaka kitu.

"Hii ndiyo mbao yako," namwambia. "Ile ya juu ni nguo tu."

Wengine huondoka, wakanunue kwa jirani anayewaambia wanachotaka kusikia. Yule mama alirudi mwaka jana kutafuta kabati. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa tayari amezunguka nyuma yake, anachungulia.