Safari Ndani ya Jina: Asili, Maana na Uadimu wa "Seferis"

Msomaji wa Kiswahili anayekutana kwa mara ya kwanza na jina la Giorgos Seferis, mshairi wa Kigiriki aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 1963, yamkini hulitazama kama atazamavyo majina mengi ya kigeni: ni alama ya kumtambulisha mtu, nayo haina zaidi la kumwambia. Hata hivyo, sikio lake likitua juu ya jina hilo kwa muda, huenda akasikia ndani yake neno alilolijua tangu utotoni. Neno hilo ni safari. Wala sikio lake halimdanganyi. Kiswahili kilipata safari kutokana na neno la Kiarabu safar. Kituruki kililichukua neno lilo hilo kikalitamka sefer. Nacho Kigiriki cha enzi za Waosmani kikalipokea kutoka kwa Kituruki kikasema seferi, kwa maana ya safari na hasa msafara wa kivita. Neno la kila siku la mwenyeji wa Mombasa na jina la mshairi aliyezikwa Athens ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa katika nyumba mbalimbali.

Udugu huo una mvuto wake, na una hatari yake pia. Mhakiki akishaugundua, atashawishika kuyasoma mashairi yote ya Seferis kama utimizo wa unabii uliofichwa katika jina: aliitwa safari, kwa hiyo aliandika juu ya safari. Uhakiki wa namna hiyo ni mwepesi mno. Makala haya yanashikilia kwamba jina la mwandishi linastahili kuhakikiwa, ila lihakikiwe kama andiko. Lina muundo, lina historia, na katika kadhia hii lina mhariri. Jina la Seferis halieleweki mpaka izingatiwe sehemu yake iliyokatwa.

Kwanza, muundo. Jina la ukoo la Kigiriki aghalabu ni mfano wa sentensi fupi, na viambishi vyake humweleza msikilizaji mengi kuhusu mahali ukoo ulikotoka. Papadopoulos, mojawapo ya majina yaliyoenea mno Ugiriki, maana yake ni "mwana wa kasisi". Hakuna kashfa ndani yake, kwa kuwa mwanamume aliyeoa huruhusiwa kuwa kasisi wa Kiorthodoksi. Kiambishi -poulos chenyewe kinatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinda la ndege, nacho kimeenea sana katika rasi ya Peloponnese. Kiambishi -akis, cha udogo, ni alama ya Krete. Kiambishi -oglou ni neno la Kituruki lenye maana ya "mwana wake" lililovishwa vazi la Kigiriki. Jina la mwandishi wa riwaya Nikos Kazantzakis, mzaliwa wa Krete, lina tabaka tatu: kazan, neno la Kituruki lenye maana ya sufuria kubwa, kiambishi cha Kituruki cha kumtaja mwenye kazi fulani, na -akis. Babu wa jina hilo alikuwa mfua masufuria.

Hali kadhalika, majina mengi huanza kwa Hatzi-, nacho kiambishi hiki ni haji yule yule ajulikanaye pwani ya Afrika Mashariki. Mkristo wa dola ya Waosmani aliyekwenda kuhiji Yerusalemu aliitwa kwa neno lilo hilo aliloitwa jirani yake Mwislamu aliyerudi kutoka Maka, na wazawa wake wakalirithi. Msomaji wa Muyaka bin Haji hahitaji kufafanuliwa sana jinsi cheo cha ibada kinavyoweza kugeuka kuwa jina, nalo jina likaingia katika nasaba.

Hapa ndipo linapoingia jina la kuzaliwa la Seferis. Mshairi huyu alizaliwa Smyrna, mji ambao sasa unaitwa Izmir, mwaka wa 1900, akiitwa Georgios Seferiadis. Kiambishi -iadis, pamoja na nduguye -idis, ni cha kale. Kilitumika tangu enzi za Homer kumtaja mtu kwa baba au babu yake. Katika karne ya kumi na tisa kilifufuliwa kwa nguvu miongoni mwa Wagiriki wa Asia Ndogo na wa Pontos, na jina lililokuwa likiishia kwa -oglou mara nyingine liligeuzwa likaishia kwa -idis ili lisikike la Kigiriki safi. Hivyo Seferiadis ni jina la pande mbili. Shina lake ni la Kiarabu lililopitia Kituruki, na mkia wake ni wa Kigiriki cha kale. Kwa Kiswahili lingeweza kufasiriwa kama "bin Sefer".

Na huyo Sefer alikuwa na maana gani? Kiarabu kina maneno mawili yanayokaribiana. Safar inayoandikwa kwa sini ni mwendo wa kutoka mahali hadi mahali. Safar inayoandikwa kwa swadi ni mwezi wa pili wa kalenda ya Kiislamu, ule ambao Waswahili huuita Mfunguo Tano. Watu wamepewa majina kutokana na miezi katika nchi nyingi, na mshairi Shaaban Robert ni ushahidi wa karibu. Alfabeti ya Kigiriki haina herufi ya kutenganisha sini na swadi. Neno likishaingia katika alfabeti hiyo, aliyezaliwa njiani na aliyezaliwa katika mwezi wa Safar huandikwa sawasawa. Umbo la jina pekee, basi, haliwezi kuamua kati ya njia na mwezi, na mhakiki anayejenga hoja nzima juu ya asili ya neno anajenga juu ya mchanga.

Kilichotendeka mwaka wa 1931, kwa upande mwingine, si jambo la kukisia. Mwaka huo ilichapishwa diwani ya kwanza ya mshairi, Strofi, neno ambalo kwa Kigiriki lina maana ya ubeti na vilevile ya kugeuka au kupinda njia. Jina lililotiwa sahihi juu ya diwani hiyo lilikuwa Seferis. Kiambishi -iadis kilikuwa kimekatwa. Kwa mkato mmoja mshairi aliondoa "mwana wa", akabakiza lile shina. Kigiriki cha wakati wake kilikuwa kikilijua neno seferi, kwa hiyo msomaji aliyeliona jina hilo alisikia safari, wala hakusikia mwezi. Utata ambao ukoo ulikuwa umeubeba kwa vizazi ulimalizwa na kalamu.

Uzito wa tendo hilo unaonekana mtu akikumbuka baba alikuwa nani. Stelios Seferiadis alikuwa mwanasheria, baadaye akawa profesa wa sheria ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Athens. Pamoja na hayo, alitunga mashairi na kutafsiri kazi za Byron. Mwana mshairi wa baba mshairi aliingia katika ushairi kwa kuondoa katika jina lake silabi zinazosema kwamba yeye ni mwana. Haihitajiki kudai kwamba palikuwa na ugomvi. Yatosha kuona kwamba ukurasa wa kwanza wa kitabu ulitanguliwa na tendo la uhariri lililofanyiwa nasaba.

Fauka ya hayo, kulikuwa na mji. Familia ilihamia Athens mwaka wa 1914. Septemba 1922, Seferis akiwa mwanafunzi wa sheria mjini Paris, Smyrna iliteketea kwa moto baada ya jeshi la Ugiriki kushindwa, na jamii ya Wagiriki wa mji huo ikakoma. Mkataba wa Lausanne wa 1923 ukahalalisha ubadilishanaji wa watu kwa misingi ya dini: Wakristo zaidi ya milioni moja kwa jumla walijikuta Ugiriki, na Waislamu wapatao 350,000 wakapelekwa Uturuki. Katika Ugiriki ya miaka iliyofuata, majina yenye -idis, -iadis na -oglou yalimtambulisha mtu mara moja kuwa ametoka ng'ambo ya bahari ya Aegean. Nia ya mshairi iwe ilivyokuwa, athari ya mkato wake ilikuwa mara mbili: ulimwondolea alama ya mkimbizi katika mkia wa jina, na ukaliacha wazi katika shina neno lenyewe la kuondoka.

Hata hivyo Seferiadis hakufa. Katika wizara ya mambo ya nje, alikotumikia tangu 1926 hadi 1962, mtu huyu alibaki kuwa Seferiadis. Alitumwa London, Albania, Misri, Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ankara, na mwishowe London tena akiwa balozi. Diwani zake tatu, za 1940, 1944 na 1955, zina anwani moja inayoweza kufasiriwa kuwa "Daftari la Chombo", yaani kitabu ambamo nahodha huandika mwendo wa merikebu yake siku kwa siku. Mwaka wa 1950, akiwa kazini Ankara, alifika Smyrna na kuitazama tena. Ni dhahiri kwamba safari katika mashairi yake ilitokana na maisha na historia. Jina halikuizaa. Ila ni dhahiri pia kwamba mtu aliyechagua kujiita hivyo alikuwa ameitambua mapema mada yake.

Hapo ndipo uadimu wa jina unapopata maana. Kuna uadimu wa hesabu, pale ambapo jina lina wenyewe wachache kwa sababu ukoo ni mdogo au umetawanyika. Na kuna uadimu wa kuundwa, pale ambapo jina halikurithiwa bali lilitengenezwa. Konstantinos Kavafis wa Alexandria alibaki na jina la baba yake, ambalo asili yake ni neno la Kituruki la muuza viatu, akalifanya adimu kwa kazi yake tu. Odysseas Elytis, aliyepata Nobel mwaka wa 1979, aliacha kabisa jina la ukoo, Alepoudellis, ambalo ndani yake mna neno la mbweha, akajiundia jina jipya ambalo wahakiki wamesikia ndani yake mwangwi wa Ellas, elpida na eleftheria: Ugiriki, tumaini na uhuru. Seferis anasimama kati ya hao wawili. Hakubaki na jina lote wala hakulitupa. Alilipunguza.

Jina lililopunguzwa lilianza nalo kuota nasaba. Kwa kawaida ya Kigiriki, jina la ukoo la mwanamke huwa katika hali ya umiliki, mithili ya kiunganishi "wa" katika Kiswahili. Mke wa mshairi hujulikana kama Maro Seferi, yaani Maro wa Seferis. Dada yake, Ioanna Tsatsou, alipoandika kitabu kuhusu kaka yake kilichotoka mwaka wa 1973, alimtaja katika anwani kwa lakabu yake ya utunzi, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Seferiadi. Dada alikubali hariri ya kaka yake.

Mtihani mkubwa wa majina haya mawili ulikuja mwisho. Tarehe 28 Machi 1969, baada ya miaka kadhaa ya kunyamaza, mshairi alitoa tamko lililotangazwa na BBC la kuushutumu utawala wa kijeshi ulioinyakua Ugiriki mwaka wa 1967. Serikali ilimjibu kwa kumvua heshima ya ubalozi na kumnyang'anya pasipoti ya kibalozi. Aliyesema alikuwa Seferis; aliyeadhibiwa alikuwa Seferiadis, mtumishi mstaafu wa dola. Mtu aliyejiita safari akapokonywa hati ya kusafiria kwa sababu ya neno. Alifariki Septemba 1971, na umati mkubwa uliomsindikiza katika barabara za Athens uliimba shairi lake la ujanani lililotiwa muziki na Mikis Theodorakis, ambaye nyimbo zake zilikuwa zimepigwa marufuku. Waombolezaji hao walikuja kumzika mtu wa lile jina la diwani ya 1931.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, somo la kadhia hii haliko mbali. Majina ya watunzi wa pwani yamejaa bin na binti, nisba za koo, vyeo vya ibada na lakabu za utunzi, na mara nyingi wahariri na wachapishaji huyafupisha ili yaenee katika jalada, bila kuuliza ni nini kinachokatwa. Seferis alikata mwenyewe, akijua anachokiacha, na ndiyo maana mkato wake unasomeka. Palipokatwa na mkono mwingine, kazi ya mhakiki ni kurudisha kipande kilichoanguka, akiweke kando ya jina, na kukisoma pamoja na mashairi. Mkato wa Seferis ulikuwa wa silabi chache tu, nazo zilikuwa zimebeba baba na mji.