Bwawa la juu ya kilima, Solai



Mwezi wa nane nilienda Kenya, kwa harusi ya mdogo wangu, katika mji wa Nakuru. Siku moja kabla ya kurudi, shemeji alitupeleka Solai. Ukiacha Nakuru unaupita mlima wa Menengai, ule wa moto wa zamani, kisha ni bonde pana, mahindi, ng'ombe, watoto wanatoka masomo. Mgeni hawezi kujua kitu.

Usiku wa tarehe 9/5/2018, kisha majuma mengi ya mvua, ukuta wa udongo wa bwawa la shamba la mtu binafsi ulikatika pale juu. Maji yaliteremka kwenye nyumba wakati watu wamemaliza kula ao wamelala. Karibu watu 48 walikufa, wamama na watoto wengi kati yao. Wakubwa wa maji walisema baadaye kwamba bwawa halikuwa na ruhusa. Sisi tuliozika watu wa Bushushu na Nyamukubi mwezi wa tano 2023, hatuhitaji kuelezwa usiku kama huo.

Mama aliyetupokea alituonyesha kilima kwa kidevu tu. Mbele ya ajali hakuwa amepanda kule hata mara moja. Lilikuwa shamba la mwenyewe, angeenda kufanya nini?

Kanuni za Kenya za 2007 zilipanga mabwawa kwa daraja A, B na C. Waliangalia urefu wa maji kwenda chini, wingi wake, na eneo linaloleta maji ya mvua. Chini ya metre 5 ilikuwa A, hatari ndogo. Kuanzia 15 ilikuwa C. Marekani wanauliza neno lingine: ukuta huu ukivunjika, nani atakufa? Hata ukiwa mpya na mzuri, nyumba zikiwa chini yake, unaandikwa daraja la hatari kubwa. Mimi napenda ulizo hilo. Bwawa dogo juu ya vitanda vya watoto si dogo.

Tangu nirudi, naangalia lile bwawa la samaki la mzee jirani, juu ya masomo yetu. Ukuta wa udongo hauwezi kuvumilia maji yapite juu yake, yanaukula haraka. Kwa hiyo lazima njia pana ya kutoa maji yaliyozidi. Nilimuuliza mzee iko wapi. Alinionyesha bomba moja, nene kama mkono wangu, na nusu yake imejaa majani. Chini ya ukuta kuna mahali panapotoka maji. Yakiwa safi, tunayachunga. Yakianza kutoka na matope, ni kuhamisha watoto siku ile ile, maana udongo wa ndani unaondoka. Miti aliyopanda juu ya ukuta, mizizi yake inafungulia maji njia.

Mzee hakukasirika. Amesema siku ya posho tuje na majembe, saa mbili asubuhi, mbele ya mvua za mwezi wa kumi. Bomba atalitoa mwenyewe.